Bunju wa Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Duka alinipa ndoo ya maji akaniambia ninuse. Lilikuwa duka la samaki wa mapambo pale Bukoto, na mkuu mwenyewe alikuwa mama wa Mombasa mwenye sauti nzito.

"Hadija, jifunze maji kwanza," alisema. "Samaki utawajua tu."

Nilianza kwa kusugua vioo. Kisha nikatumwa Mengo kutunza tangi la daktari wa meno, wagonjwa wakitazama samaki kusahau koleo. Baadaye nikapandishwa cheo kuwa Fundi Mkuu wa matangi ya majumbani, na hapo ndipo iliponijia kazi ninayojivunia kuliko zote.

Mteja alikuwa kanali mstaafu wa Kyebando, ambaye sote tulimwita Afande. Mkewe, Bi Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amepooza upande mmoja. Alilala sebuleni akitazama ukuta, na maneno yalikuwa yamemwishia. Afande alitaka kumletea kitu cha kwao. Akachagua bunju, yule samaki anayevimba kama mpira akiudhiwa.

Bunju tuliyemwagiza ni wa pale mto unapokutana na bahari, kwenye maji ya chumvi kiasi. Nikakinga maji ya bomba, nikayaacha yapoteze klorini, nikakorogea humo chumvi maalumu ya bahari, maana ya jikoni haifai. Nikapima kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea: chumvi ikizidi, nacho kinapanda.

Ikabaki kukomaza maji. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoota ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu vilevile, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati, isiyo kali, tunayoipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa hiyo tangi likiwa bado halina samaki, unawalisha bakteria matone ya amonia, unapima, unangoja waongezeke. Huchukua wiki kadhaa.

Afande hakuzoea kungoja.

"Nyabo, samaki iko wapi?" aliuliza, akiniita "bibi" kwa lugha yake.

"Bado, Afande. Maji hayajakomaa."

"Maji iko safi! Mimi naona mpaka ukuta ya nyuma!"

"Sumu hii haionekani kwa macho."

Akanivuta hadi mlangoni, akashusha sauti. "Leta leo. Mgonjwa yangu anaweza kuondoka wakati yoyote."

Hilo lilinichoma. Nikampigia simu Mkuu wa Duka. Akaniambia, "Wewe ndiye uliye mbele ya tangi. Ukiamua, niko nyuma yako."

Nikarudi kwa Afande. "Nikimleta leo, mama atamtazama samaki akifa."

Kitandani ikasikika sauti nzito ya ulimi uliolemaa: "Mngoje."

Afande aligeuka kana kwamba ameamriwa na jenerali. Tukamsogeza Bi Mwanaidi akabiliane na tangi. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kupima, yeye ndiye aliyeshika kichupa cha kupimia kwa mkono wake mzima. Nilidondosha dawa, tukatazama pamoja zambarau ya nitriti ikififia kipimo baada ya kipimo. Siku ilipobaki buluu tupu, yaani sumu imekwisha, aliniambia, "Sasa mlete."

Bunju alikuja, mdogo, mwenye madoa, macho yakizunguka kila moja upande wake. Afande aliinama kumpa konokono mwenye gamba, maana meno ya bunju hukua bila kikomo na gamba ndilo huyasaga. Samaki akapanda juu, akamtemea maji usoni.

Bi Mwanaidi alicheka, mdomo ukienda upande. "Huyu kwetu wavuvi humtupa! Ni sumu!"

Afande alisimama pale, ndevu zinadondosha maji, akicheka huku analia.

Mama aliishi na samaki yule muda mrefu kuliko tulivyothubutu kuomba. Mkewe alipofariki, Afande alijifunza kupima mwenyewe.

Nami nimestaafu, ndoo zimenishinda. Vijana hushangaa kwamba nyumbani sina hata tangi moja. Sioni ajabu. Kila Jumapili naenda Kyebando, nakaa kwenye kiti cha mgeni, naletewa chai, nawatazama samaki wa Afande wakiogelea kwenye maji aliyoyakomaza mwenyewe. Akiniuliza kama yako sawa, namwambia apime.