Fisi Mwenye Shanga za Bluu

Nyanjige alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na ndege wa kwenye vitabu.

Alisoma kila hadithi ya vijana iliyomfikia hapo Bariadi, kwenye kibanda chake cha steshenari mbele ya nyumba ya mzee Machibya, na kila hadithi ilimletea msichana aliyepatwa na jambo zito: moto, vita, mafuriko, baba wa kambo. Msichana analia sura nne nzima. Sura ya tano anaona ndege akiruka, au kipepeo anatua dirishani, na moyo wake unafunguka kama duka asubuhi. Hapo Nyanjige hufunga kitabu akacheka peke yake, mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi anaanza kukihofia cheti chake.

Ndege gani hao? Yeye alikulia Sola, wilayani Maswa. Kule ndege wakijaa angani, watoto hukimbilia shambani kupiga madebe, maana hao ni kwelea kwelea, wakila mtama hakuna mwingine. Kipepeo ndiyo usiseme. Kipepeo akionekana kwenye pamba, baba yake alijua funza wa vitumba yuko njiani, akamtukana mdudu yule kwa Kisukuma kirefu ambacho mama alikatisha kwa kukohoa.

"Siku nikiandika ya kwangu," alimwambia Jenifer, "mtu wangu hataponywa na mdudu."

"Ataponywa na nini, dada?"

"Nitajua nikifika."

Jenifer alikuwa binti wa mwenye nyumba, yuko kidato cha tatu, na ndiye aliyekuwa akimletea vitabu kutoka klabu ya wasomaji ya shuleni kwao. Alijua mengi ya Nyanjige isipokuwa moja, ambalo yeye na mtaa mzima walilijua nusu tu: kwamba dada huyu hapandi gari. Kwenda kwao Sola, wakati wa mavuno na Krismasi, alitoka alfajiri kwa baiskeli akafika miguu inatetemeka kama ya ndama mchanga. Akiulizwa alisema anapenda mazoezi. Marcelo, dereva wa Probox ya abiria aliyepanga chumba cha pili, alimkejeli kila asubuhi: "Nyanjige, gari langu halina pepo, lina kutu tu."

Nusu nyingine hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa anamaliza sekondari, gari walilopanda kurudi nyumbani liliacha njia darajani. Nyanjige hutapika garini, kwa hiyo dirisha lilikuwa lake siku zote. Siku ile rafiki yake Felisita aliliomba, akampa. Felisita alizikwa Nyanjige akiwa bado hospitali. Tangu hapo hakuwahi kufika kwa akina Felisita kutoa pole, ingawa nyumba zao haziko mbali. Alizungukia njia ya kisimani. Jina lenyewe halikuwahi kumtoka mdomoni.

Hilo ndilo alilokaa kuliandika, saa ambazo hakuna wateja. Akajaribu kumwandikia msichana wake ndege, akacheka, akafuta. Akajaribu jua linachomoza. Kwao jua likizidi, malisho hukauka na watu wanauza ng'ombe. Mwisho akamjia mnyama ambaye kweli alikuwa akimfuata barabarani miaka yote, haumi, haondoki, anangoja tu ujikwae. Akaandika:

"Mimi nina fisi. Analala chini ya kitanda changu. Mkononi amevaa shanga za bluu, na kila nikitaka kupanda gari anatangulia kukaa."

Akafurahi sana. Fisi alikuwa na mkono, lakini mhariri wake alikuwa yeye mwenyewe, akapitisha. Akachapa, akabana pini, akampa Jenifer apeleke klabu.

Kosa la Jenifer lilikuwa moja. Kabla ya kuipeleka klabu, aliisoma kwa sauti nyumbani, huku bibi yake, Milembe, mama mzazi wa mzee Machibya, akimenya karanga.

Bibi Milembe alisikiliza mpaka kwenye shanga. Hapo akaweka ungo chini.

Kila mtu Simiyu anajua fisi ni wa aina mbili. Kuna wa Mungu, anayekula mizoga na kwenda zake. Na kuna wa watu, mwenye alama ya mwenyewe, anayetumwa. Wa Mungu havai shanga.

"Bibi, hiyo ni taswira," Jenifer alisema.

"Taswira ndiye nani?"

"Si mtu. Ni kitu kinachosimama badala ya kitu kingine."

"Ndiyo hivyohivyo," bibi alisema. "Mwenyewe amelala ndani, fisi anasimama badala yake kwenye zizi la jirani. Sasa unanifundisha nini?"

Jenifer, mwenye alama nzuri kwenye fasihi, akazikunja karatasi.

Kufika adhuhuri kuku wote wa nyumba ile walikuwa wamehamishiwa jikoni. Kufika jioni mtaa ulijua. Wateja wa kopi walisimama ng'ambo ya barabara wakimnyooshea Nyanjige vyeti kwa mbali, kama wanaolisha mnyama. Mzee mmoja kutoka Bukundi alikuja kibandani kwa adabu zote, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, kisha akauliza kwa kunong'ona kama huyo mnyama anaazimishwa, maana ana shemeji yake anayemsumbua. Marcelo akabadili salamu: "Shikamoo, mama fisi."

Nyanjige alicheka siku mbili za kwanza. Ya tatu, mzee Machibya alimjia akitazama viatu vyake mwenyewe. "Mwanangu, mimi sina neno. Lakini mama hali chakula. Mwenyekiti anaita kikao cha mtaa; usipoeleweka, chumba na kibanda utaniachia." Hapo hakucheka tena. Kibanda ndicho kilichomlisha, na Bariadi ni mji mdogo. Aliyefukuzwa kwa ajili ya fisi mtaa huu hapokelewi mtaa wa pili.

Kikao kikafanyika uani, mchana, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa mbali kidogo na chumba chake. Mwenyekiti wa mtaa, Januarius, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa na ile hadithi mkononi.

"Nyanjige, ng'wanawane, mwanangu. Swali ni moja. Unaye au huna?"

"Sina, mwenyekiti."

"Hapa unasema unaye."

"Hiyo ni hadithi."

"Hadithi huanza 'hapo zamani'. Hii imeanza 'mimi'." Akatazama watu. "Polisi wakikuta karatasi imeanza 'mimi', huwa hawatafuti mwingine."

Watu wakakubali kwamba hilo ni kweli.

Nyanjige akajaribu njia ya darasani. Akaeleza kwamba vijana waliopatwa na mambo mazito hawawezi kuyasema yalivyo, kwa hiyo mwandishi huwapa kitu cha kushika; wengine hupewa ndege, yeye ametoa fisi. "Fisi huyu ni woga tu," akamaliza.

"Basi anafuga woga," Marcelo alisema kutoka nyuma. "Na unakula nini huo? Mbuzi wangu mmoja haonekani."

"Mbuzi wako ulimuuza ukanywa," mtu akamwambia, na uani pakachangamka kidogo.

Bibi Milembe hakuchangamka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele kabisa, akimtazama Nyanjige kama anayechagua mbegu.

"Hayo mengine ni ya kwenu mliosoma," alisema. "Mimi nauliza shanga. Shanga ni za nani?"

Jibu la kumwokoa lilikuwa jepesi, na Nyanjige alishalifungulia mdomo: nimezitunga, bibi, hakuna shanga. Neno moja tu, chumba kinabaki, kibanda kinabaki. Lakini kusema hakuna shanga ni kusema hakukuwa na mkono uliozivaa, wala msichana aliyezitunga moja moja akiwa bwenini kwa uzi wa gunia. Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Za Felisita."

"Felisita wa wapi?"

"Wa kwetu, Sola. Nilisoma naye." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya kuazima. "Alikufa, bibi. Darajani, kwenye gari. Alikaa dirishani pangu."

Marcelo alivua kofia. Daraja lile alilipita kila siku.

"Kwao ulikwenda kutoa pole?" bibi akauliza.

"Sikwenda. Mpaka leo."

Bibi Milembe akageukia kikao kama mtu aliyepotezewa muda na watoto. "Mnamwonea binti wa watu. Fisi si wake. Ni wa marehemu, ameachiwa. Mwenye shanga hajaagwa, mnyama atakwenda wapi? Atalala chini ya kitanda, ndiyo. Arudishwe kwao."

"Bibi, lakini fisi hayu—" Jenifer alianza. Nyanjige akamkanyaga mguu.

Januarius alikuwa mwepesi kuona mlango ukifunguliwa. Akaamua: fisi aondoke Bariadi kesho asubuhi, apelekwe Sola kwa wenyewe, akishaondoka, Nyanjige abaki na chumba chake na biashara yake. "Na asiende kwa baiskeli. Fisi nyuma ya baiskeli, sokoni kote watakimbia. Marcelo atawapeleka."

"Wangapi?" Marcelo akauliza.

"Wawili," bibi Milembe akasema. "Na asilishwe njiani."

Usingizi wa usiku ule haukuwa mzuri, lakini asubuhi Nyanjige alisimama mbele ya Probox na mfuko wa sukari wa kupeleka. Kurudi ndani asingeweza. Mtaa mzima ulikuwa umetoka kumsindikiza fisi.

Marcelo alifungua mlango wa nyuma kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa abiria. "Anakaa katikati au dirishani?"

Nyanjige alitazama kiti. "Dirishani," alisema. "Ndiko alikopenda."

Akaingia, akakaa katikati, kiti cha dirishani akakiacha wazi pembeni yake. Gari lililojaa siku zote, siku hiyo lilikuwa na kiti kitupu na hakuna aliyekigusa. Mzee mmoja mwenye kuku alipoingia upande wa pili, aliuliza kuna nani pale. Alipoambiwa, alimhamishia kuku paja la mbali.

Walitoka mjini. Nyanjige alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kabla ya daraja Marcelo alipunguza mwendo bila kuombwa.

"Mama fisi. Mgeni wako anaendeleaje?"

"Anataka kutapika," Nyanjige alisema.

"Mwambie ahamie dirishani vizuri, asinichafulie."

Nyanjige akageuza uso upande wa kiti kile kitupu. "Sogea, Felisita," alisema polepole, na mzee akasogeza kuku wake, ingawa hakuitwa Felisita. Nyanjige akahamia dirishani. Upepo ukampiga usoni, akatoa kichwa, akatapika chai yote ya asubuhi juu ya daraja lile, nusu ndani ya mto na nusu kwenye rangi ya gari. Marcelo aliendesha mpaka ng'ambo.

"Nimeshaona fisi wengi," alisema hapo. "Huyu ndiye wa kwanza anayekunywa chai ya maziwa."

Nyanjige akacheka, na akiwa bado anacheka akajikuta analia, na akaacha yote mawili yaendelee. Mzee mwenye kuku alimpa leso, kwa mkono ulionyooshwa kabisa.

Sola, kwenye njia ya kwenda kwa akina Felisita, gari lilisimama. Mama yake Felisita alikuwa akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba. Akainua kichwa, akaweka kiganja juu ya macho, akaganda hivyo. Nyanjige alishuka na mfuko wake wa sukari. Mlango hakuufunga. Alisimama kando yake, ameushikilia.

Marcelo alingoja, abiria wakangoja, kuku akangoja.

"Ameshuka?" Marcelo akauliza.

Nyanjige alitazama kiti, kisha akamtazama yule mama wa pale mwambani, ambaye alikuwa ameanza kuja.

"Bado miguu ya nyuma," alisema. "Unajua ya kwake ni mifupi, inachelewa."