Kamionete ya Baba Mkwe

Nilipoolewa, kwetu kwenye vilima vya Mushaki, mke mpya hakumtazama baba mkwe usoni. Hakula mbele yake wala hakutamka jina lake, na kama alikuwa na neno la kumwambia, alimtuma mtu mwingine. Nilikaa katika lupango la baba mkwe wangu, ndani ya ua mmoja naye, karibu mwaka mzima, na sauti yake niliijua kupitia ukuta tu: akiita ng'ombe, akiongoza sala ya jioni, akikohoa asubuhi kwenye baridi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya manyoya iliyochakaa, na maneno yake yalikuwa machache hata kwa watoto wake mwenyewe.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya sitini, barabara zimeanza kutulia baada ya vita. Mume wangu alipata kazi ya ualimu Walikale, kule chini msituni, akatangulia kutafuta nyumba. Mimi nilibaki na mama mkwe, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa changa na kali. Harufu ya vitunguu niliivumilia. Harufu ya ng'ombe nilikuwa nimezaliwa nayo. Esanse, mafuta ya gari, ndiyo iliyonishinda.

Na esanse ilikuwa pale nyumbani, kwa sababu baba mkwe alikuwa na kamionete, gari dogo la mizigo. Miaka mingi alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba, na mzungu huyo alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwuzia lile gari kuukuu. Tangi lake lilikuwa ndani ya kabini, nyuma ya kiti, na mdomo wa kutilia mafuta ulitokeza nje, kando ya mlango wa abiria. Siku moja nilipelekwa nalo kwenye dispansari. Nilitapika dirishani kutoka nyumbani mpaka tulipofika, na wakati wa kurudi nikaomba kutembea kwa miguu. Baba mkwe hakunipita. Aliendesha polepole nyuma yangu hadi nyumbani, watu wakitutazama.

Siku ya safari ya kumfuata mume wangu, baba mkwe angeendesha na mama mkwe ndiye angenisindikiza. Lakini aliamka na mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Akanifunga kitenge kiunoni, akanipa kikapu cha viazi vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaniambia, "Enda, mwanangu. Iko mutu muzuri. Ye njo mwenye haya kukupita."

Sikumwamini kwamba ana haya kuliko mimi. Nilipanda, nikageuza uso wangu dirishani, na tukaondoka hivyo: yeye akitazama barabara, mimi nikitazama migomba ya watu.

Jambo moja lilinishangaza. Ile harufu haikuwapo. Ilikuwapo kidogo tu, kama kumbukumbu. Nikamshukuru Mungu nikidhani mimba imetulia.

Tulipita Masisi, tukaanza kuteremka kuelekea msitu. Hewa ikawa nzito na joto likapanda. Kwenye mlima mmoja mfupi baada ya kijito, moteri ilianza kukohoa. Ilivuta, ikalegea, ikavuta tena, kisha ikazima. Baba mkwe alikaza breki, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Alifungua boneti. Alifungua nati ya bomba linaloleta esanse kwenye pompi, akangoja. Yalitoka matone machache, halafu hakuna.

Alisimama pale akiwa ameshika bomba. Nilijua anafikiri jinsi ya kupata mtu wa tatu wa kuniletea neno lake. Hapakuwa na mtu. Ndege tu, na mto chini.

Mwishowe alisema, akiwa ameelekeza uso kwenye moteri, "Mama, uweke sikio nyuma ya kiti. Mi nitapuliza mu hii bomba. Kama unasikia maji inachemka mu tangi, unijulishe."

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Niliweka sikio. Akapuliza, na ndani ya tangi povu likagugumia kama chungu cha maharagwe. Nilifungua mdomo kumjibu na sauti haikutoka. Basi nikagonga bati kwa kifundo cha kidole: ko!

"Sawa," alisema. "Njia iko wazi."

Akafunga nati, akawasha, gari likanguruma. Aliamini ameusukuma uchafu fulani, nami niliamini pia. Tulikwenda vizuri, tukapita Nyabiondo, na msitu ukaanza kutufunika. Halafu likakohoa tena na kuzima.

Safari hii alifungua kile kikombe kidogo cha kioo kinachokamata uchafu chini ya pompi. Kulikuwa na tope kidogo na tone la maji. Akakifuta kwa pindo la shati lake, shati lake la Jumapili. Alikata kijiti, akaja upande wangu, akafungua kifuniko cha tangi na kupima. Kijiti kilirudi kimelowa zaidi ya nusu. Esanse ilikuwapo tele. Akarudi, akawasha, likawaka.

Lakini hakuondoka. Alilizima, akasema, kana kwamba anaongea na mti uliokuwa mbele yetu, "Ngoja niangalie magurudumu." Akaenda nyuma ya gari, akakaa huko muda mrefu, akiyagongagonga magurudumu ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Nilipoona kikapu miguuni pangu ndipo nilipoelewa. Nilikula viazi viwili, nikanywa maziwa, nikafunika kikapu na kukohoa kidogo. Ndipo aliporudi.

Gari lilizima mara ya tatu katikati ya mlima, mahali pabaya, matope pande zote mbili. Sasa nilimwona amechoka. Alifungua kila kitu upya. Alishika mkono mdogo wa pompi, akaupandisha na kuushusha, akainamisha kichwa kusikiliza. Bomba hakulipuliza tena, alikuwa ameshajua njia iko wazi. Aliondoa kofia, na nikaona kichwa chake kwa mara ya kwanza, mvi tupu. Alionekana kama mtu aliyeaminiwa mzigo na anaogopa ataufikisha umevunjika.

Alikuja na kijiti chake. Alipofungua kifuniko karibu na sikio langu, nilisikia tangi likivuta hewa: hhuuu, ndefu, kama mtu aliyezamishwa majini akitoa kichwa. Nikakumbuka kwamba mara iliyopita pia nilisikia hivyo, nikadhani ni upepo.

Alipima, akatikisa kichwa, akaanza kufunga.

"Papa," nilisema.

Mkono wake ulisimama. Mimi mwenyewe nilishtuka. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na mengine yakalifuata. "Papa, tangi inavuta pumuzi. Ukifungua, inavuta sana. Ni kama iko inakosa hewa."

 Akageuza kile kifuniko kiganjani, akatazama ndani yake, na uso wake ukabadilika. Nami nikatazama. Ndani palikuwa na kipande cha mpira wa gurudumu la baiskeli, kimekatwa mviringo kwa uangalifu, na juu yake kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa sindano. Tundu dogo la kifuniko, lile linaloruhusu hewa kuingia esanse inapopungua, lilikuwa limezibwa kabisa.

"Ni mi," alisema taratibu. "Ni mi nilifunga. Moteri inakunywa, tangi haipate hewa, esanse inakatala kutoka. Miaka yote nilifanya dereva, na sikufikiri." Akagusa kile kitambaa kwa kidole. "Mama yako alisema harufu inakutapisha. Nikasema, njia iko murefu, mutoto wa watu atafika amekufa."

Kitambaa kile nilikijua. Kilitoka kwenye shuka la mama mkwe. Nikawaona wawili wale usiku karibu na moto, yeye akikata mpira, mama akishona, wakinong'ona ili mimi nisisikie. Sikuweza kujizuia. Nililia, na katikati ya kulia kicheko kikanishika, na baba mkwe, aliyekuwa hajui pa kutazama, akaanza kucheka pia, mkono mdomoni, mabega yakitikisika.

Aliutoa mpira. Hakuutupa, aliuweka mfukoni. Akafunga kifuniko kitupu, akawasha, na gari likapanda ule mlima bila kukohoa. Lakini harufu ilirudi palepale, na kabla hatujafika mbali nilikuwa nimeegemea dirisha, mate yamejaa mdomoni.

Baba mkwe alisimamisha gari kwenye nyumba za kwanza tulizozikuta. Alikwenda mlangoni kwa watu asiowajua, yeye ambaye hata kwa jirani hakuwahi kuomba chumvi, na nikamwona akieleza kitu kwa mikono kwa mama mmoja aliyekuwa akitwanga muhogo. Walicheka. Akarudi na malimau mengi ndani ya kofia yake.

"Unuse," alisema. "Mama ya kule anasema njo ilimuokoa mu mimba ya watoto wake yote."

Nilikwaruza ganda kwa kucha na kulishikilia puani. Lilinisaidia. Halikumaliza, lakini lilinisaidia, na tuliendelea hivyo, madirisha wazi, limau puani. Naye akaanza kusema. Alinisimulia jinsi mama mkwe, alipokuwa na mimba ya mume wangu, alivyochukia harufu yake yeye, bwana wake, hata akahamia kulala na ndama mpaka mvua zilipoanza.

"Na wewe, Papa, ulifanya je?" nilimwuliza.

"Nilioga," alijibu. "Kila siku, mu maji ya baridi. Haikusaidia kitu."

Tulifika Walikale giza likiingia. Mume wangu alikuja mbio, vumbi la chaki bado kwenye mikono ya shati. Aliuliza mbona tumechelewa, kama barabara ilitusumbua. Baba mkwe alikuwa anashusha magunia ya maharagwe.

"Barabara iko muzuri," alisema. "Gari njo ilikuwa na shida ya esanse. Bibi yako huyu aliiona."

Mume wangu alinitazama, akamtazama baba yake, hakuelewa. Baba mkwe hakumweleza zaidi, nami sikumweleza usiku ule.

Alisema ataondoka asubuhi kwa sababu ya ng'ombe. Hakuondoka. Aliona paa letu linavuja upande wa jikoni, akatafuta majani, akapanda mwenyewe juu na umri wake. Mimi nilisimama chini nikimpa majani, moja moja, na kila alipotaka jingine aliniita kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, "Mama! Leta ingine!" Wanawake wa jirani waliniuliza kama yule ni baba yangu mzazi. Nikasema ndiyo.