Mwamba Niliouandika Mtupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika utepe vibaya. Utepe ni ile kamba bapa ya kupimia, yenye namba, inayokunjwa kwenye gurudumu dogo. Mwanzoni pana pete ya chuma, na mimi kwa elimu yangu ya darasa la saba nikajua sifuri iko kwenye pete. Kumbe ilikuwa mbele kidogo, kwenye alama nyekundu. Tulipima viwanja vitatu nyuma ya soko la Lushoto mjini, vyote vikatoka vifupi kwa upana wa kiganja.

Bosi wangu nitamwita Mpima, maana ndivyo tulivyomwita wote. Alikuwa mtu mzima mrefu, mwenye kofia ya pama iliyopauka, asiyepandisha sauti. Akaja mpaka niliposimama.

"Binti, sifuri iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Iko hapa mkononi."

"Marahaba. Ila shikamoo haipimi kiwanja. Nionyeshe sifuri."

Nikaonyesha pete. Akavua kofia, akajikuna, akairudisha kichwani. "Sawa. Kabla hata ya chai umeshawapunja watu watatu, kila mmoja kiganja. Tunarudia."

Tukarudia vyote, na hakunitukana. Wakati tunakunja utepe ndipo akaniambia kwamba kosa la mshika utepe halionekani siku ya kupima, linaonekana siku jirani anapojenga ukuta. Nililia kidogo nyuma ya kibanda cha viazi, halafu nikanunua sambusa, maisha yakaendelea.

Nayaandika haya kwa ajili yenu wadogo zangu mnaoingia kazi hii sasa, na kwa yeyote anayependa kujua ramani ya kijiji inazaliwaje. Mimi ni mstaafu. Msinicheke, nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili, magoti yangu bado mazima na ndoto zangu bado nyingi. Lakini kazi ya kushika utepe imekwisha, na mtu ambaye kazi yake imekwisha ana haki ya kusimulia kama mzee.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo. Ilikuwa inaitwa huku na kule, mara na mji, mara na kijiji, kwenda kupima na kupanga. Mpima alikuwa na mashine ya miguu mitatu ya kuchungulia. Mimi nilibeba utepe, fito za rangi nyekundu na nyeupe, nyundo, vigingi, na timazi, yaani kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi kukuonyesha wima halisi. Nilikuwa pia na daftari la uwandani. Humo unaandika kila unachokikuta ardhini: nyumba, mti mkubwa, kaburi, kisima, njia. Mchoraji ofisini hajafika huko, anachora kilichomo daftarini. Usichokiandika hakipo duniani.

Mpima alipenda kutusimulia jinsi walivyopanga miji enzi za ujana wake. Walianzia mezani. Wanachora barabara ya magari kwanza, pana na iliyonyooka, kisha viwanja, kisha watu watajipenyeza watakavyojua. Lushoto hainyooki hivyo. Watu wanateremka kwa miguu kutoka kila mlima, kichwani matenga ya plamsi na kabichi, kwa vijia vilivyokuwepo kabla ya lami. Kwa hiyo nilipoingia mimi, kazi kubwa ilikuwa kuvipima vijia hivyo na ngazi za udongo na madaraja ya magogo, viingie kwenye ramani kama njia halali ambazo mtu haruhusiwi kuziba kwa ukuta. Wageni wanaokuja kutembea milimani nao wanapita humo humo, nyuma ya akina mama wenye matenga. Nilijiona mtu mkubwa. Kijia ambacho nilipita utotoni tulipopanda toka kwetu Mnazi, kijiji cha tambarare, kuja kumwona shangazi, leo kina namba!

Halafu tukapelekwa Bulwa, kwenye chai. Kulikuwa na wazo la njia ya wageni kupita katikati ya mashamba mpaka msituni. Tumepiga vigingi siku mbili, siku ya tatu mchumaji mmoja, mama wa makamo kutoka Iringa, akaweka kapu chini akatusogelea.

"Samahani wataalamu. Hii njia yenu inapita nyuma ya bafu letu la makuti. Hao wageni wanakuja kuona chai au wanakuja kuniona mimi?"

Mpima alicheka mpaka akashika mti. Tuling'oa vigingi siku ile ile, tukaipeleka njia upande wa pili wa kijito. Nikajiambia mimi sasa nimeshajua kazi, kabla ya kuchora mstari unauliza unapita nyuma ya bafu la nani. Naapa nilijiambia hivyo. Na bado nikaja kukosea kosa kubwa kuliko lile la pete.

Ilikuwa kitongoji kimoja cha ukingoni, upande wa Mtae, ambako barabara inazunguka mpaka dereva anasahau anakwenda wapi. Nyumba ziko mgongoni mwa mlima, huku ukungu, kule bonde tupu mpaka tambarare. Watu wa pale walikuwa wanaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, yaani kukubaliana shamba liwe wapi, msitu wapi, nyumba wapi, na safari hii kitu kipya: wageni wakae wapi. Kwenye mkutano wa kwanza waliulizwa kama wanataka wageni, wakanyoosha mikono yote. Mtu mmoja alikuwa ameshajitokeza kujenga banda la vinywaji na uzio kwenye mwamba ulioko ukingoni kabisa, mahali ambapo ukisimama unaona dunia yote.

Tulipima mwezi wa nne. Mvua, ukungu, matope mpaka magotini. Mpima akabaki na mashine juu, mimi nikateremka na fito mpaka kwenye ule mwamba. Mpana, bapa, unateleza, haukuwa na kitu.

"Zaina! Hapo pana nini?" akaita toka kwenye ukungu.

"Mwamba mtupu!"

Nikaandika hivyo hivyo daftarini. Mchoraji akauchora, akaandika juu yake: eneo la wazi, wageni.

Tulirudi mwezi wa saba kuweka bikoni, zile nguzo fupi za zege zinazoonyesha mpaka. Nilipoteremka nilidhani nimepotea njia. Mwamba wote ulikuwa umefunikwa maharage. Mekundu, ya njano, yenye madoa, kila rangi na fungu lake, na kati ya mafungu vijia vyembamba vya kupita mguu mmoja. Akina mama kama kumi walikuwa wanayageuza kwa viganja, wanaongea Kishambaa na kucheka.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kazi." Aliyejibu alikuwa Mama Yona, mzee wa kanisa pale kitongojini, mwembamba, na amefunga mtandio hadi masikioni kwa baridi. "Mnataka kupita wapi?"

Nikaonyesha mahali pa bikoni ya kwanza. Palikuwa katikati ya fungu lake la maharage mekundu. Mama Yona alipiga magoti, akayakusanya kwa ungo, akayasogeza pembeni, akafagia mwamba kwa kanga yake ili tuweke bikoni mahali safi. Mwingine akatuletea chai ya maziwa na viazi vya moto. Tukaweka bikoni tatu kwenye mwamba ule, na kila mara mtu alitusogezea maharage yake. Viazi vilinishuka vibaya, nawaambia kweli. Watu wakikugombeza unajitetea. Wakikupisha hivi, utasema nini?

Nikamfuata Mama Yona. "Mama, haya maharage mtayaanika wapi tukiweka uzio?"

"Hatujui bado."

"Nyumbani je? Sisi Mnazi tunaanika uani tu."

Wakacheka wote, ila kwa upole. "Mnazi kuna jua, mwanangu. Hapa kwetu mwezi wa saba uani ni maji. Ukiyaacha siku mbili yanachipua ndani ya gunia. Mwamba huu jua likitoka kwa saa moja tu unashika joto mpaka jioni. Mama yangu aliyaanika hapa, na mama yake."

"Sasa mbona hamkusema kwenye mkutano?"

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Mliuliza kama tunawataka wageni. Tunawataka. Hamkuuliza tunaanika wapi."

Nilipanda mbio kwa Mpima. Kesho yake ulikuwa mkutano wa kupitisha ramani, na Afisa Mipango alikuwa anapanda toka wilayani kuja kuisaini. Ikishasainiwa, kina mama wale wameupoteza mwamba wao, na mavuno yao yataozea kwenye magunia. Nami nilikuwa kibarua wa siku kwa siku, unaweza kuambiwa usije kesho na usije kabisa.

"Mzee, ule mwamba si mtupu. Nilikosea."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya sanduku la mashine. "Zaina, ramani imeshachorwa kwa wino."

"Najua."

"Mimi pia niliitikia. Sikuteremka kuangalia. Kosa ni letu wawili." Akafuta miwani. "Lakini aliyeyaona maharage ni wewe. Kesho utasimama wewe."

Sijawahi kuogopa kama asubuhi ile. Watu wamejaa darasani shuleni, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Afisa Mipango alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kengele. Akatandika ramani mezani.

"Kuna mwenye neno kabla sijasaini?"

Mpima akanitazama. Nikainuka.

"Shikamoo mama. Hapa palipoandikwa eneo la wazi pameandikwa vibaya."

"Nani ameandika?"

"Mimi, shikamoo mama."

"Umeshaniamkia mara mbili, endelea."

Darasa likacheka, na kicheko kile kikanipa pumzi. Nikasema yote: mwezi wa nne na mwezi wa saba, ukungu, uani, maharage yanayochipua, ungo wa Mama Yona. Mzee mmoja wa nyuma akadakia, "Kwa hiyo wageni watoke Ulaya waje kutazama maharage?"

Mama Yona hakugeuka hata. "Wewe ukiyala kila siku hatukuulizi unatazama nini."

Sasa akina mama wote wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine, kama maji yaliyofunguliwa. Afisa Mipango alisikiliza huku kalamu imefungwa. Mwishoni akasema, "Haya. Lakini ufunguo wa ramani hauna alama ya kuanikia maharage." Ufunguo ni lile jedwali la pembeni linaloeleza alama. "Kuna shule, kaburi, kisima, msitu. Kuanika hamna."

"Tuiweke," akasema Mpima taratibu.

"Na wageni watasimama wapi?"

Mama Yona akainua mkono. "Kuna bega la mwamba kule juu. Tulishajaribu kuanika pale, upepo unayapeperusha. Maharage hayatulii. Wageni ni wazito, watatulia."

Hata Afisa Mipango alicheka mpaka akatoa leso. Tukapiga mstari mpya siku ile ile. Bega la mwamba kwa wageni, na yule wa banda la vinywaji apange upya huko. Mwamba wenyewe ukapewa alama yake, mstatili wenye vidoti, na kwenye ufunguo Mpima akaandika kwa mkono wake: uwanja wa kuanikia. Bikoni tatu nilizing'oa mwenyewe, nikazibeba mgongoni moja moja mpaka kwenye gari, na sikusikia uzito.

Toka hapo ofisi yetu ikaweka sheria: hakuna kufunga daftari la uwandani kabla ya kufika mahali mara mbili, masika na mavuno. Mpima aliiita sheria ya Zaina mbele ya wageni, nami nilijifanya sisikii. Vijiji vingine vikaja kuomba ile alama ya vidoti. Kimoja kiliiweka kwenye kitalu cha miche, kingine kwenye uwanja wa kufulia mtoni. Mimi niliyeacha shule darasa la saba nina alama yangu kwenye ramani za serikali. Nikikumbuka hilo natembea nimenyoosha shingo.

Kazi iliisha kwa amani. Ofisi ilipata kifaa kipya kinachoongea na setilaiti, mtu mmoja anatembea nacho peke yake na hahitaji wa kumshikia utepe. Mpima aliniaga kwa mikono miwili. "Kifaa kinajua uko wapi," akasema. "Hakijui hapo pana nini. Nitakuwa nakupigia simu nikuulize." Na huwa ananipigia kweli.

Siku hizi natembeza wageni milimani, na naota mji wa Lushoto wenye vijia vilivyowekwa mawe vizuri na mabenchi ya kupumzikia akina mama wenye matenga kabla ya mabenchi ya kupigia picha. Wadogo zangu, mkipewa kifaa, teremkeni. Ulizeni mtu anayefagia, anayegeuza, anayebeba. Na mkikosea semeni kabla ramani haijasainiwa.

Mwezi wa saba uliopita nilipeleka wageni wawili kule ukingoni. Maharage yametandazwa mwamba mzima. Nikateremka mbele yao, nikitaka kuwaonyesha mahali nilipozoea kusimama, mara msichana mmoja akanikatia njia, ungo kiunoni. Hakunijua, nami sikumjua.

"Shikamoo dada. Hapo hapakanyagwi. Wageni njia yao ile ya juu."

"Nani amesema?"

"Ramani ya kijiji imesema," akajibu, na akasimama vile vile mpaka nikageuka. Nikapanda na wageni wangu kwa ile njia ya juu, kwenye upepo, nikicheka peke yangu.