Kaseti Mbili Kwenye Uwanja wa Ulezi

Juzi watoto wa kaka yangu walikuja kunitembelea hapa Mazwi. Wanajua mimi sina safari. Ukinikosa sebuleni, nipo jikoni. Walikaa kwenye kochi, kila mmoja na simu yake, wakaanza kubishana. Binti alikuwa anasifia wimbo wa hip-hop, mdogo wake anasifia kantri ya kisasa.

"Kantri gani hiyo yenye ngoma za kurapu?" binti akamcheka. "Huyo kavaa kofia tu."

"Angalau wangu anasema katoka wapi."

Wakanigeukia niamue. Nikawaambia kesi hiyo ilishaamuliwa kwa bibi yangu, kwa fimbo. Wakarudi kwenye simu zao. Wewe, ndugu yangu, una muda, kaa nikueleze.

Nilikuwa darasa la tano. Likizo ya Juni tulipelekwa kwa bibi, kijiji cha kando ya barabara ya Namanyere, huko ambako upepo wa Ufipa ukikutafuta hauna cha kuuzuia. Asubuhi maji ya kunawa yaliuma vidole. Tulikunywa uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, mchana tukala ugali na dagaa wa Kirando, na katikati ya hapo kulikuwa na kazi. Mimi kazi niliipenda sana kuitazama. Bibi alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mtoto mikono yake inaamka saa nne."

Kaka yangu, kidato cha pili, alikuja na suruali pana ambayo tungeingia wote wawili, na kaseti ya muziki wa kufokafoka, kama tulivyouita. Alikuwa amerekodi wimbo mmoja tu, ukajirudia pande zote mbili. Shangazi, fundi cherehani, dada mdogo wa baba, alikuwa na kaseti ya kantri aliyopewa na dereva wa lori la mahindi. Si ile kantri ya gitaa moja na kilio. Hii ilikuwa mpya, ina ngoma na gitaa la umeme. Wimbo alioupenda ulikuwa wa mwisho kabisa, upande wa pili. Redio kaseti ilikuwa moja, na betri zake tulizianika juani pamoja na dagaa.

"Huyo wako anaimba farasi," kaka alikuwa akimwambia. "Shangazi, farasi umemwona wapi?"

"Na wako kila akipumua anataja mtaa. Hapa mtaa uko wapi, kwenye kichuguu?"

"Wangu nasikia kila neno."

"Lazima usikie, si anakugombeza."

Mimi niliulizwa kila siku niko upande gani. Nilikuwa upande wa aliyeninunulia muwa mara ya mwisho.

Sasa, bibi alikuwa na mwanawe mwingine, baba yetu mdogo, aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi. Mavuno manne yalikuwa yamepita hajarudi, na barua hakujibu. Jioni moja yule dereva wa lori akapita kusalimia, akasema kesho asubuhi anaelekea Mwanza na anajua pa kumpata. Shangazi akaleta daftari. Bibi akalisukuma.

"Barua mmeniandikia nyingi. Zote zinasikika kama mwalimu. Nataka anisikie mimi."

Kumbe alikuwa ameona watu wakitumiana sauti kwenye kaseti. Kaseti tupu haikuwepo, na duka lilikuwa mbali. Zilikuwepo mbili tu, zile zile. Unaziba matundu ya juu kwa karatasi, unabonyeza kitufe chekundu, na kilichokuwemo kinafutika. Shangazi akauliza kama upande mmoja unatosha. Bibi akasema kwa mavuno manne, hata hizo pande mbili atajibana.

Kaka akasema ya kwake haiwezekani. Shangazi akasema ya kwake haiwezekani zaidi. Bibi hakubishana nao. Ulezi ulikuwa umeanikwa uwanjani, jua bado lipo. "Shikeni fimbo," akasema. "Wimbo utakaopura vizuri ndio utabaki."

Tukaanza na wa kaka. Ndugu yangu, tulipura kama tumetumwa. Fimbo zilikimbizana, vumbi likapanda, punje zikaruka hadi kwa kuku wa jirani, naye jirani akaja na kusimama pembeni. "Mama, leo mnapura au mnaua nyoka?" Wimbo uliisha mimi nimeshakaa chini, natafuta malengelenge ya kuonyesha watu.

Ukaja wa shangazi. Mwanzo fimbo zilipotezana, halafu zikashuka pamoja, polepole, na ulezi ukatulia mahali pake. Sikumbuki kuchoka. Wimbo ulipoisha niliendelea kupiga, mimi huyu, hadi bibi akanitazama mara mbili.

Shangazi akapiga vigelegele. Kaka akavua kofia na kutoa kaseti yake mfukoni. Bibi akachukua ungo, akaanza kupepeta. "Huyo mwanaume wa wimbo wako analia nini?"

Shangazi, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, akamweleza: aliondoka kwao kijana, anakumbuka taa ya jikoni ya mama yake, lakini anaona haya kurudi mikono mitupu.

Ungo ukasimama. "Anaona haya?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

"Basi huo ndio unaosafiri. Nitamjibu hapo hapo juu yake."

"Mama, si ulisema utakaoshinda unabaki?"

"Nilisema. Sasa nakuomba."

Bibi yangu nilimfahamu akiamuru, akikemea, akisali. Kuomba sikuwahi kumsikia. Shangazi naye hakuwahi. Aliitoa kaseti kwenye redio, akaifuta vumbi kwa kanga, akaziba matundu mwenyewe.

Bibi akazungumza pande zote mbili, kwa Kifipa, habari za ng'ombe, paa la nyumba na waliooa. Karibu na mwisho akasema, "Njoo na hiyo mikono mitupu. Ndiyo ninayoihitaji. Niliye naye hapa, mikono yake inaamka saa nne." Kaka ndiye aliyeshika vitufe. Bibi aliponyamaza, akasimamisha mashine haraka, utepe ukiwa bado haujaisha. Aliacha kiitikio cha mwisho cha wimbo wa farasi, yeye aliyeucheka likizo nzima.

Mavuno yaliyofuata baba mdogo alishuka kwenye basi na kifuko kidogo, anapiga mluzi wa kiitikio kile, vibaya kweli. Kesho yake alikuwa uwanjani na fimbo.

Bibi hayupo tena, na pale uwanjani pana nyumba ya mtu. Kaka anauza misumari na mabati, anasikiliza kwaya tu. Baba mdogo bado anaitunza kaseti, ila mashine ya kuipigia hana. Shangazi hakuupata tena wimbo wake. Jina lake hakuwahi kulijua.

Niliwauliza wale watoto: ingebidi wafute wimbo mmoja ili watume sauti ya bibi yao, wangefuta upi?

"Kwa nini nifute, shangazi?" binti akasema, hajainua macho. "Si nafasi ipo."

Nafasi ipo, kweli. Nikaenda jikoni kukoroga uji, na mwiko wangu ukawa unafuata ule wimbo wa polepole. Kiitikio tu. Mengine siyakumbuki.