Chombo cha Mabawa cha Mzee Kanti

Margaret alikuwa akimtunza Mzee Kanti huko Stanmore. Kila asubuhi alitoka Thornton Heath, akavuka London nzima kwa treni huku akisali kimoyomoyo. Mzee alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu, na alimpenda Margaret kwa kuwa alizungumza naye Kiswahili.

"Mama Margaret, umeniletea nini leo?"

"Nimekuletea mimi mwenyewe, mzee. Sikutoshi?"

"Wewe utaleta chai. Mimi nataka habari."

Habari aliyoingoja ilikuwa moja tu. Kampuni aliyoifanyia kazi maisha yake yote ilikuwa na chombo cha kupeleka watu anga za juu na kuwarudisha, kisha kuruka tena. Sasa kimezeeka, na wanachagua cha kushika nafasi yake. Michoro ilibaki miwili. Mmoja ni wa mzee: chombo chenye mabawa, kinachotua uwanjani kama ndege. Wa pili hauna mabawa, hushuka kwa parachuti. Binti yake, Nishma, alikuwa miongoni mwa wachaguaji.

Siku hiyo jirani wa mzee, Rupa, alipata mjukuu, akaleta penda, zile peremende za maziwa. Margaret akazipanga kwenye sahani kando ya chai, bila kuwaza lolote. Kumbe kwa akina Kanti penda huletwa penye habari njema. Mzee alipoziona, machozi yakamlengalenga.

"Wamechagua mabawa," akasema, akamlisha Margaret moja kwa mkono wake.

Margaret akaanza kumweleza kwamba zimetoka kwa Rupa. Kabla hajamaliza, Nishma akaingia, akaiona sahani, akamwona baba yake anavyotabasamu.

"Papa, sivyo," akasema kwa Kiingereza, polepole. "Wamechagua kile kingine."

"Na wewe?"

"Na mimi pia." Akapiga magoti kando ya kiti. "Roketi ikishika moto ikipaa, kile kinaweza kuchomoka, watu wakapona. Chako hakiwezi, Papa. Nilitafuta njia, sikuiona."

Mzee akapangusa vidole vyake.

"Umechagua vizuri," akasema. "Sasa nenda nyumbani."

"Papa..."

"Nenda, mtoto wangu."

Margaret akamsindikiza hadi mlangoni, akamkumbatia. Aliporudi, mzee alikuwa amegeukia ukuta.

"Ameenda?"

"Ameenda, mzee."

"Nje kunanyesha. Ana mwavuli?"

Margaret akasema hana. Hapo mzee akalia kwa sauti. Margaret akaketi kando yake, akamshika mkono, akitafuta maneno ya kumwombea, asiyapate.