Mto Uliopigiwa Vigelegele

Mpaka leo nikipita uchochoro wetu wa Kasingirima nainamisha kichwa kama niliyeangusha sindano, maana majirani wote mnaowaona wamekaa vibarazani waliwahi kuupigia mto wangu vigelegele, mto wa kulalia, wenye pamba ndani, na muda si mrefu baadaye wakaulilia kama marehemu, na mkosaji katika yote hayo nilikuwa mimi. Nimeamua kusimulia mwenyewe, kwa sababu wakisimulia wengine (na Ujiji wanaisimulia vizuri sana) wanasahau kuueleza ugonjwa, na mimi mwalimu wa darasa la tatu siwezi kuvumilia jambo lisiloelezwa.

Basi tuanze na ugonjwa. Ulikuwa uvimbe kwenye mji wa mimba, ule ambao madaktari wanauita faibroidi. Si mimba, si uchawi, na mara nyingi sana si saratani. Ni kinyama kinachoota kwenye kizazi, kinaweza kuwa kidogo kama harage mwanamke akazeeka nacho asijue, na kinaweza kuwa kikubwa kama changu, tumbo likatangulia mimi nikafuata. Damu ya mwezi ilinitoka siku kumi, siku kumi na mbili, nafundisha huku nimejifunga kanga mbili ndani ya gauni, na damu ilipopungua mwilini nikaanza kutamani udongo, ule unaouzwa sokoni vipande vipande, nautafuna kama karanga. (Dada yangu, ukijiona unatamani udongo na huna mimba, nenda kapime damu, usione haya.) Sasa jumlisheni wenyewe: tumbo mbele, uchovu, udongo mdomoni, na mwanamke mwenyewe yuko mwaka wa tisa kwenye ndoa hajapata mtoto. Mtu akiniona angefikiri nini?

Mama Zuhura, anayeuza migebuka na dagaa sokoni, ndiye aliyeniuliza. Aliinuka kwenye kigoda chake akakipangusa kwa upande wa kanga.

"Kaa, Mwalimu, kaa mwanangu. Ya miezi mingapi hiyo?"

Neno "uvimbe" lilikuwa mdomoni, naapa, lakini nyuma yangu kulikuwa na wanawake wanne wanasubiri samaki, na wote wananitazama kwa macho mazuri ambayo sikuwa nimeyaona kwa miaka tisa, na miguu ilikuwa inauma, na kigoda kilikuwa pale.

Nikasema, "Sita."

Basi, hilo tu. Mama Zuhura akanichagulia mgebuka mnene kuliko wote akasema huyu wa mjukuu wangu, na Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine nikarudi tena hata nyumbani samaki wakiwapo, na hospitali waliponipangia siku ya upasuaji nikaomba wanisogezee mbele miezi mitatu, nikasema nina mitihani ya wanafunzi. Mitihani ilikuwapo, lakini haikuwa sababu.

Mume wangu Ramadhani, fundi wa mashine za boti kule Kibirizi, ugonjwa aliujua, kliniki tulikwenda pamoja. Hakulijua lile neno sita. Na mimi nilisahau kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu angekikumbuka: samaki wa Mama Zuhura wanatoka Kagunga, na Kagunga ndiko anakoishi mama mkwe wangu, na matenga yanayokuja na samaki hayarudi matupu, yanarudi na habari.

Huyo mama mkwe ndiye niliyemwogopa kuliko kisu. Si mkali. Ramadhani ni mwanawe pekee, na kila alipokuja aliniombea dua kwa sauti, mbele yangu, nipate mtoto, na kila dua ilinikaa begani kama ndoo ya maji. Nilijua siku atakayosikia kwamba tumbo langu halitatoa kitu, hata asiponifukuza, hatanitazama tena kama mtoto wake.

Daktari alinieleza vizuri. Watajitahidi kutoa uvimbe na kukiacha kizazi, lakini damu ikikataa kusimama watakitoa chote ili nibaki hai. Nikatia sahihi. Nilipozinduka Ramadhani alikuwa ameushika mguu wangu juu ya blanketi, anatazama dirishani, nikajua kabla hajasema.

"Damu ilikataa," akasema.

Nikamwomba asimwambie mtu, hata mama yake, mpaka niseme kwa mdomo wangu. Akakubali. (Wanaume wapole nao wana hasara yao.)

Siku ya kuruhusiwa, nesi alinifundisha jambo ambalo nawaachia na ninyi, maana linasaidia sana. Ukishapasuliwa tumbo, uwe na mto mdogo. Ukitaka kukohoa, au kucheka, au gari likiingia shimoni, ubane mto juu ya mshono kwa mikono yote miwili, maumivu yanapungua. Mto wangu ulikuwa na doa la dawa, nikauviringisha kwenye kanga mpya nisionekane mchafu, nikapanda bajaji na Ramadhani, nikaukumbatia kutoka hospitali mpaka Ujiji.

Kumbe mama mkwe alikuwa amefika asubuhi ile kwa boti, na wanawake wa mtaa wamejaa mlangoni kwangu, Mama Zuhura akiwa mbele. Nikashuka, nimejikunja, hatua moja na nyingine, na kanga mpya mikononi.

Vigelegele vikapanda mpaka kunguru wakaruka.

"Hongera mzazi! Kajifungua kwa kisu huyo, oneni anavyotembea!"

Nikafungua mdomo niseme, kikaja kikohozi, nikaubana mto kwenye mshono na kuinamisha uso juu yake.

"Anamficha na macho yetu! Mwalimu, sisi hatuli watoto!"

Wakaniingiza ndani. Sebuleni kulikuwa na sufuria la uji wa pilipili manga, sabuni, nepi za kitambaa zimekunjwa vizuri. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbeleko mpya begani. Akainuka taratibu, akanyoosha mikono.

"Mwana wanje," akasema kwa Kiha chake, yaani mwanangu. "Nipe nimwone. Tangu alfajiri niko majini kwa ajili yake."

Sikumpa. Aliuchukua mwenyewe, kwa upole, na mkono mmoja akautanguliza chini ya ncha ya juu ya mto, kama anayeshika shingo ya mtoto mchanga. Hata siku ya kufa nitaukumbuka mkono huo. Akafunua kanga. Akaugeuza mto mara moja, akatazama upande wa pili.

"Yuko wapi?"

Nikaanza kulia. Hapo ndipo Mama Zuhura, mwanamke mwenye huruma nyingi na subira kidogo, akaelewa kwa namna yake.

"Yalaa! Mtoto kafariki! Maskini anakumbatia mto!"

Akaachia kilio. Wenzake wakakipokea. Na ninyi mnaijua Ujiji, kilio kikisikika hakuna anayeuliza kwanza, watu wanakuja. Wanaume walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Punde jirani yetu Mzee Kasimu akawa mlangoni na majamvi, nyuma yake watu wawili na majembe, akamkuta Ramadhani bado ameshika beseni na mabegi yangu.

"Pole baba. Mmezika huko hospitali au tukachimbe?"

"Hakuna mtoto, mzee."

"Tunajua, baba, Mungu kampenda zaidi. Tunauliza habari ya kaburi."

"Mzee, nakwambia hakuna mtoto!"

"Msameheni," Mzee Kasimu akawaambia wenye majembe. "Ni uchungu."

Niliposikia vyuma vya majembe vikigongana, wanaondoka kwenda makaburini, nikaona mambo yamefika pabaya. Nikajikokota mpaka mlangoni, nikashika fremu, nikasema kwa ile sauti ya darasani:

"Rudini. Msichimbe kitu. Sikuwa na mimba. Ulikuwa uvimbe, wameutoa. Mimi nilidanganya."

Kisha Mama Zuhura akafuta machozi akanitazama.

"Si uliniambia sita, Mwalimu? Kigoda changu nimekuwa nakiachia uvimbe?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo, mwingine akacheka kwa ajili ya yule, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, kicheko kikanishika, na mshono ukanivuta kama unafunguka, na mto sina. Nikapiga magoti palepale. Mama mkwe ndiye aliyekuja. Akaubana mto tumboni kwangu kwa mkono wake, uso wake karibu na wangu, na nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Mama, na kizazi wamekitoa. Mjukuu hayupo, na kwangu hatakuja."

Mkono wake haukuondoka kwenye mto. Nje Mzee Kasimu, kwa aibu, alikuwa ameanza kukunja majamvi. Mama mkwe akainua kichwa.

"Mzee, yaache hayo majamvi. Kaeni. Kuna aliyefiwa humu ndani."

Wakakaa. Dua ikasomwa, sijui walimwombea nani, na wanawake wakagawa uji uliopikiwa mzazi, wakanywa kimyakimya. Mama mkwe alikaa kwangu siku arobaini, zile za mzazi, hakuniachia hata kikombe nikinyanyue. Alitaka kunikanda kwa maji ya moto, nikamweleza kwamba mshono haukandwi, akanuna, akakubali. Siku ya arobaini na moja akaniambia, "Sasa umepona, nitakusema kuhusu uwongo," akanisema kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na katika maneno yote yale kila alipotaka kuniita aliniita mwana wanje.

Dada zangu, wengi wanapasuliwa na kizazi chao kinabaki, na wengine wanazaa baadaye, kwa hiyo msiogope, nendeni mapema. Nimeapa sitapokea tena hongera isiyo yangu, hata ikija na mgebuka mnene, na mtu akiniuliza habari za mwili wangu nitamweleza ulivyo, foleni yote isikie. Kama ile siku ya kwanza ya upasuaji nisingeisogeza mbele, sijui kizazi changu kingekuwa wapi leo. Daktari hakusema. Mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto kuuliza maswali, sikumwuliza.