Wali wa Maji ya Bahari

Mwaka wenyewe usiniulize tarakimu. Chuoni mimi niliishia juzuu ya amma, na hesabu ninayoijua ni ya vibaba. Ni mwaka uliofuata ule tuliokula ndiga. Ndiga, kile kiazi cha porini ambacho usipokiloweka mtoni siku tatu kinakulevya mpaka ukamwamkia kuku. Mwaka wa ndiga tulikonda hata bangili zikawa zinatuvuka zenyewe. Uliofuata, mvua ilishuka kwa wakati wake, bonde la Kingani likazaa mpunga, tukala wali: asubuhi kiporo, mchana wa nazi, jioni wa nazi tena, na mbwa akitupiwa ukoko anaunusa na kwenda zake. Watu wakishiba hukumbuka kuoa. Mwaka ule Bagamoyo kila mtaa ulikuwa na harusi, na kila harusi ilituita sisi.

Sisi tulikuwa wanawake wanne, wapishi wa shughuli. Mjukuu wangu aliyeajiriwa dukani ananiambia kundi la namna hiyo siku hizi linaitwa kampani. Haya, kampani. Tulikuwa na masufuria matatu ya shaba ambayo mtoto angeweza kuoga ndani, miiko mirefu kama makasia, na jina jema. Jina lilikuwa ndiyo mali yote. Mkubwa wetu alikuwa mwanamke mpole, asiyependa ugomvi hata na nzi. Mimi nilikuwa mdogo wao, nimezaa mara mbili tu, lakini ulimi wangu ulikuwa umeshazaa kumi. Na wali wangu, sijisifu, nasema kweli, ulikuwa punje haijui jina la punje mwenzake.

Basi ikaja harusi ya binti wa jirani yetu, mjane mwenye mtoto huyo mmoja tu. Mume alitoka Saadani. Watu wa Saadani ni watu wa chumvi, huichemsha wenyewe, na sisi huwatania kwa hiyo: “Wapika chumvi nyie, hata mkilia mnayaanika machozi mkayauze.” Nao hutujibu kwamba watu wa Bagamoyo hata kivuli tunawauzia wapagazi. Ni utani wa miji, hauna kisasi. Lakini utani una milango yake, na mlango wa ukweni haupiti. Mama wa bibi harusi akiwatania wakwe siku wanapokula kwake mara ya kwanza, hilo ni tusi, na binti ndiye atakayelilipia huko aendako, maisha yake yote.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Wanawake mnajua. Zile siku za Ramadhani tulizokula kwa udhuru wetu, tunasema tutazilipa mfunguo mosi. Mfunguo mosi unapita, mfunguo pili unapita, mara Shaabani, Ramadhani nyingine inapiga hodi, ndipo kila mwanamke anakimbilia kufunga. Siku ile nilikuwa nimefunga. Sikumwambia mtu, mambo hayo hayatangazwi. Nikajisemea, wenzangu watatu wapo, mmojawapo ataonja. Hata ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema ninayo, lakini muonjaji yupo, ya nini nijitie mashakani?

Sasa mitungi. Ua ule ulikuwa na kuta mbili zinazotazamana. Asubuhi, ukuta wenye kivuli tuliuegemeza mitungi ya maji matamu, yaliyochotwa kisima cha nje ya mji. Ukuta wa pili, penye jua, tuliweka mitungi ya maji ya bahari, ya kuoshea pweza. Mitungi yote ilitoka kwa mfinyanzi mmoja, inafanana kama mapacha. Neno letu likawa moja tu: “Chota wa kivulini.” Tukabandika sufuria ya kwanza, tukabandika ya pili. Ya tatu, ya wakwe, tuliiacha mwisho ili iwafikie ya moto. Na mimi mwenyewe nilisema kwa mdomo wangu huu, “Jamani, mmoja wenu achote wa kivulini.” Adhuhuri ilikuwa imeshapita. Jua lilikuwa limevuka upande wa pili, na kivuli kimehama ukuta.

Wakwe wanawake walikuwa kama thelathini, wameketi mikekani. Mbele yao shangazi wa bwana harusi, mwanamke mpana, pete kila kidole, ambaye bila yeye kula hakuna anayekula. Akapiga bismillahi, akafinyanga tonge, akatia mdomoni. Mataya yakasimama. Akameza kwa adabu, nikaona koo lake likikataa na yeye akililazimisha.

“Mkwe wangu,” akasema taratibu, “sisi tumekuja kwa nchi kavu. Mbona tumezama?”

Wa pembeni yake akaonja. “Hii ni chumvi yetu imerudi nyumbani, au mmetuongezea na yenu?”

Hakucheka mtu. Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama na birika la kunawia, akaona mikono yote thelathini imerudi mapajani.

“Mmetupikia utani, mkwe?” shangazi akamuuliza.

Birika likainama, maji yakamwagika mguuni mwake, na yeye hana habari.

Nilirudi jikoni mbio, nikatia wali kwenye ncha ya ulimi, nikatema. Lahaula! Pweza angeishi mle na wanawe.

“Nani alionja?” nikauliza.

Wote wakanitazama.

“Mimi nimefunga,” akasema mmoja.

“Nami nimefunga,” akasema wa pili.

“Nami pia, nilidhani wewe utaonja,” mkubwa wetu akaniambia.

“Nami nimefunga!”

Tukatazamana, wanne, saumu nne, na sufuria moja ya bahari. Ningecheka kama si lile birika.

Mkubwa wetu akashika kichwa. “Tuseme ndiyo, ni utani. Tutoke tukicheka, tuwaletee mwingine.”

“Na mtani ataonekana nani?” nikamuuliza. “Si yule mama na birika lake?”

“Basi tuseme mchele ulilowa jahazini.”

“Mchele wa Kingani, dada, umepanda jahazi gani?”

Mwingine akasema, “Tumwite shangazi pembeni, tumnong'oneze, tumpe na halua.”

“Walioharibiwa chakula ni thelathini, aombwe radhi mmoja? Wale ishirini na tisa watakwenda kusema nini Saadani?”

Hapo kila mmoja alijua kilichokuwa mbele yetu. Wakwe wakiinuka na njaa, yule mama amekwisha, binti anaingia nyumba ya watu na tusi kichwani, na sisi masufuria yetu tukayauze yakayeyushwe bangili.

Nikachukua mwiko, nikatoka. Sikuanza na wakwe. Nilimwendea kwanza mama mwenye harusi, kwa sababu yeye ndiye aliyetuita, nikamwambia sikioni, “Ni maji ya bahari, tumekosea mtungi. Nakwenda kusema mbele ya wote.” Akaniangalia kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani.

“Wakwe zetu, shikamooni.”

Waliitikia wachache, kwa meno.

“Wali huu umepikwa kwa maji ya bahari. Mama mwenye nyumba hana habari. Alitupa mchele mzuri na maji matamu, tukaharibu sisi wapishi. Si utani, ni kosa letu. Mkikasirika, tukasirikieni sisi. Naubandika mwingine sasa hivi. Kile kivuli kikifika kwenye kinu kile pale uani mtakuwa mnakula. Kikipita, nipigeni kwa mwiko huu, huu hapa.”

Nikauweka mwiko mbele ya shangazi. Nilikuwa na miiko mingine.

Mjukuu wangu wa dukani hunisomea barua ambazo tajiri wake huwaandikia wateja mzigo ukiharibika. “Kama mmeudhika, tunasikitika.” Kama! Mtu ameletewa nguo zimeliwa na mende, unamwambia kama! Namwambia mjukuu, huyo tajiri wako anaomba radhi kama mtu anayepita na nguo safi karibu na matope. Radhi ina upishi wake: utaje ulichoharibu, umtoe lawamani asiyehusika, useme utafanya nini na lini, kisha ukafanye. Mapambo utatia baadaye, watu wakishashiba.

Turudi uani. Shangazi aliutazama mwiko, akanitazama mimi.

“Maneno yako mazuri, mpishi. Keti basi, ule nawe kidogo, tuone.” Akanisogezea sinia.

“Siwezi, mama.”

“Huwezi? Sisi tuliweza!”

“Nimefunga.”

Minong'ono ikapita mkeka hadi mkeka. “Amefunga!” Shangazi akauliza, “Na wenzio nao?”

Nikageuka. Wenzangu walikuwa wamesongamana mlangoni kama kuku walionyeshewa.

“Nao wamefunga.”

“Wote wanne?”

“Ni Shaabani, mama. Kila mmoja alidhani mwenzie ataonja.”

Kutoka mkeka wa nyuma, bibi kizee mmoja, sauti kama ya panya, akasema, “Mimi zangu bado sita.”

“Mimi hata hesabu nimeipoteza,” akaitika wa pili.

Shangazi aliukaza uso, lakini mabega yalimsaliti. Yalianza yenyewe kuruka, kisha kifua, kisha kicheko kikamtoka kama maji yamevunja boma. “Mimi tisa!” akapiga kelele. “Tisa, jamani, na mwezi huo unaandama! Nimekuja harusini kukimbia saumu!” Ua mzima ukalala chini. Walichekana, wakatajiana siku zao, wakapigana makofi ya mgongo, hata wanaume waliokuwa barazani wakagonga mlango kuuliza kumezuka nini. Hatukuwaambia. Mpaka leo hawajui.

Tukawatolea madafu na ndizi mbivu za kushikilia tumbo. Mafigani moto ukawaka, nazi zikakunwa na kila mwenye mkono, wakwe wawili wa Saadani wakaja wenyewe kukamua tui, wamejifunga vibwebwe. Na shangazi, kwa kuupigapiga ule mwiko wangu kwenye sinia, akatunga:

“Saadani kuna chumvi, Bagamoyo i bahari,
Wapishi hawana kazi, kitoweo ki tayari!”

Walituimbia hivyo tangu mchele unaoshwa hadi wali unapaliwa makaa, na sisi wanne tulilazimika kuucheza, saumu kooni, moshi machoni. Nilicheza vizuri kuliko wote. Ukichekwa kwa haki, cheza.

Safari hii sikumwachia mtu kudhani. Nilimwita mama wa bibi harusi mwenyewe, nikamtilia kiganjani. Akaonja, akatafuna, akafumba macho. “Wapelekee,” akasema, akachukua birika lake kwenda kuwanawisha. Kivuli kilikuwa bado hatua moja kufika kwenye kinu. Shangazi alikula tonge la kwanza, akafinyanga la pili, na alipomaliza sinia akauliza kama ukoko upo. Mkwe akiomba ukoko, mwana wako ameolewa. Mama yule alipiga kigelegele ambacho nilidhani kimeng'oa makuti.

Tangu siku ile mtungi wa bahari tuliufunga shingoni ukili, ule msuko wa ukindu, uwe kivulini uwe juani. Na kabla ya kuwasha moto tuliulizana kwa sauti, bila haya: leo nani anaonja?

Fungate lilipokwisha, shangazi akanijia nyumbani. Nikamwamkia, nikamtandikia mkeka, nikamletea kahawa. Akasema ana jando la wajukuu Saadani baada ya Idi, siku tatu, mji mzima utakula. Kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuitiwa. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuosha masufuria.

“Ila,” akasema, “yule aliyechota mtungi abaki huku. Nitajie nani, mje watatu.”

Namjua aliyechota. Sote tulimjua tangu siku ileile. Na niliwajua watu wa pwani hii: mtu akibandikwa jina, huzikwa nalo. Angeitwa Maji Chumvi, na watoto wake wangeitwa wana wa Maji Chumvi, na asingekaribishwa tena penye sufuria yoyote kutoka hapa hadi Pangani. Kwani yeye peke yake? Neno la kivulini nililisema mimi. Kutoonja tulishirikiana.

“Mama,” nikamwambia, “tulipika sote, tulikosa sote, jina sitoi.”

“Hata kwa kazi ya siku tatu?”

“Siku tatu zitakwisha, mama. Mwenzangu yupo.”

Akanywa kahawa yake hadi kwenye machicha, akinichungulia juu ya kikombe. Nilishaiona kazi ikitoka mlangoni na viatu vyake. Mwisho akaweka kikombe chini, akacheka kile kicheko cha mabega.

“Jeuri wewe. Njooni wote wanne. Wali ule nitautakia wapi tena?”

Akainuka, nikamsindikiza. Alipofika mlangoni akageuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniinamishia sikio lenye vipuli.

“Haya, kazi mmeshapata,” akanong'ona. “Sasa nitajie mimi tu, mwanangu. Wallahi nitakufa nalo.”

“Tulipika sote, tulikosa sote, jina sitoi.”